Hesabu ya Siku za Kawaida

Machi 4

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Habari za huko? Goti la Mama linaendeleaje, na wewe hapo zahanati wanakupa hata nafasi ya kupumua? Mimi mzima, ila usingizi umenipa talaka.

Nakuandikia jambo la kazi, usicheke. Unajua kazi yangu ni kutengeneza mfano wa mtandao wa simu ndani ya kompyuta: naweka minara, naweka watu na simu zao, halafu naangalia data itapita kwa kasi gani kabla fundi hajapanda mnara wowote wa kweli. Mwezi uliopita kampuni ilitaka nipime bonde lenu. Swali lilikuwa dogo tu: mnara mmoja kati ya ile miwili ukizimwa, uliobaki utawatosha? Mfano ulijibu utawatosha, tena kwa raha. Bosi alinipigia makofi.

Sasa nakwambia kinachonitisha. Vipimo nilivyopewa ni vya siku za kawaida: huyu anapiga simu asubuhi, yule anatuma picha jioni, kama wateja wanaoingia dukani mmoja mmoja. Juzi nikajaribu vingine. Niliwafanya watu wote wa bondeni washike simu kwa pamoja, kama vile mto umefurika. Mfano ulikufa mbele ya macho yangu. Simu zote zinabisha hodi kwenye mnara kwa mpigo, zinagongana, hapokelewi mtu. Zikikosa zinabisha tena, na huko kubisha tena ndiko kunakoziba mlango kabisa. Mwenye simu anaona mistari ya mtandao imejaa, lakini hakitoki kitu wala hakiingii.

Na tahadhari ya mafuriko siku hizi mnaletewa kwa ujumbe wa simu.

Nimemwambia bosi. Kasema, "Wewe umeajiriwa kupima mtandao au kupiga ramli?" Mnara utazimwa mwisho wa mwezi. Tafadhali, mvua ikikaza, msisubiri simu.

Mdogo wako


Machi 9

Mdogo wangu mpenzi,

Tumeipata barua yako kwenye simu, na mtandao haukugoma! Sisi wazima. Goti la Mama linamsumbua akitakiwa kuosha vyombo tu. Akiitwa kwenye maongezi linapona.

Nimemsomea. Amesema wewe uoga ulizaliwa nao, maana hata chooni ulikuwa unasindikizwa. Mto wenyewe sasa hivi watu wanauvuka viatu mkononi. Na kuhusu tahadhari, tulishajipanga: fundi cherehani, jirani yetu, ndiye tuliyemchagua apokee ujumbe na kupuliza filimbi. Simu haimtoki shingoni, ameining'iniza kwa utepe wa kupimia nguo. Anaoga nayo, mkewe ndiye anayesema.

Lakini nikuulize bila kuzungushana, maana nimekulea na najua ukitania na usipotania. Ujumbe usipofika, tutajuaje?

Dada yako


Machi 12

Dada,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Nashukuru hukucheka sana.

Mtajua kwa macho. Tafuta rangi, chora alama kwenye nguzo ya daraja, mahali ambapo maji yakifika bado mna muda wa kupanda hadi shuleni. Yakigusa alama, ondokeni. Hata kama jua linawaka, kwa sababu mvua inaweza kuwa inanyesha milimani tu. Hata kama simu ziko kimya. Kimya cha simu siku hiyo kisiwadanganye.

Nimeomba nionane na wakubwa wa bosi. Sijajibiwa.

Mdogo wako


Aprili 2

Dada,

Habari za siku? Mnara wa pili umezimwa juzi. Kwenye skrini yangu ni kama taa ndogo ilikuwapo, sasa haipo. Niambie umechora.

Mdogo wako


Aprili 5

Mdogo wangu,

Nimechora, rangi nyekundu ya milango ya zahanati. Wiki hii maji yaliigusa kidogo, nikamwambia fundi cherehani apulize filimbi, watu wakatoka, kisha yakashuka bila kulowesha hata kizingiti. Yeye wamemzomea kwa ajili yangu. Mimi wananiita Nabii. Lala, baba, unatutisha hadi tunaota.

Dada yako


Aprili 17

Dada, mvua kubwa milimani. Ujumbe wa tahadhari umeshatumwa. Umeupata?

Dada, nijibu neno moja tu. Hata herufi.

Naona bonde lenu kwenye skrini. Maombi ya simu yanapanda, yanayopokelewa yanashuka. Ni mchoro ule ule niliouona mwezi uliopita, kana kwamba nimeuchora mimi.

Mama yuko na nani?

Sikupigii tena. Kila nikikupigia na mimi ni mmoja wa wanaobisha.


Aprili 21

Mdogo wangu,

Mama yu hai. Naanza na hilo ili upumue. Nakuandikia kwa kalamu, dereva wa gari la wagonjwa ataipeleka barua, maana simu zenyewe unazijua.

Kwetu hakukuwa na wingu. Nilikuwa namsaidia mzazi kujifungua, mfanya usafi akaja mlangoni: "Dada, maji yamekuwa ya kahawia, na rangi yako siioni." Nilimkabidhi mtoto kwa bibi yake nikakimbia kwa fundi cherehani.

"Puliza filimbi!"

"Ujumbe haujaja, dada. Tazama mwenyewe, mtandao umejaa."

"Umejaa lakini haupitishi! Mdogo wangu alisema."

"Wiki ile nilipuliza kwa maneno yako wakanitukana mbele ya watoto wangu. Ngoja kidogo tu. Utaingia."

Sikungoja. Nilimbeba Mama mgongoni, yeye na goti lake, nikapitia zahanati, na wazazi wote wa wodini wakanifuata na vichanga vyao. Wengi walituona wakapanda nyuma yetu. Wengine walibaki na fundi, wameshika simu, kila mmoja anajaribu kumpigia mtu wake. Nilipogeuka niliwaona wameinamisha vichwa hivyo, uani kwake, na maji nyuma yao.

Halafu tukaisikia filimbi. Alipuliza, mdogo wangu. Alipita nyumba hadi nyumba, maji yakiwa kifuani, na watu walikuwa wanatokea kila alipopita. Tulikuwa tunaifuata kwa masikio kutoka shuleni: iko kwa muuza mkaa, iko msikitini, iko karibu na daraja. Mkewe alikuwa amenishika mkono. Ikanyamaza, akaendelea kunishika, tukisubiri ianze tena.

Jioni ujumbe wa tahadhari uliingia. Simu zililia moja baada ya nyingine darasani mle: hameni sasa, hameni sasa. Kuna mtoto alianza kucheka, mama yake akamziba mdomo.

Tumemzika jana.

Sikulaumu, na usijilaumu, nakuamuru kama dada. Lakini kuna jambo linanikaba. Hesabu ile mliifanyia bonde letu peke yake?

Dada yako


Aprili 26

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni, pale pale mapokezi. Mpe pole mke wa fundi. Sina maneno mengine, na nikiyapata nitayaleta mwenyewe.

Hapana. Si bonde lenu peke yake. Mfano ule ule, vipimo vile vile vya siku za kawaida, umetumika kila penye mto na minara miwili. Nilikwenda kwa bosi nikiwa nimeshika barua yako. Aliisoma yote, kisha akasema tusubiri tume ya uchunguzi, na nisizungumze na mtu. Nikamwuliza mvua nayo imeambiwa isubiri? Nimeacha kitambulisho changu mezani kwake.

Sasa niko kwenye bonde la kwanza kati ya hayo, ambapo mnara umezimwa wiki hii. Sijui mtu hapa. Mama mmoja mwenye duka amenipa kiti kibarazani kwake na ameita majirani. Ninaogopa, dada. Naogopa wasiniamini, naogopa pia wakiniamini halafu mto usipande, wakanizomea, na siku ukipanda kweli wasisogee. Upande wa milimani kumekuwa kweusi tangu asubuhi.

Wamekuja wengi kuliko nilivyodhani. Wamekaa, wananitazama. Mzee mmoja kanyoosha mkono, anauliza mgeni amekuja kuuza nini.

Nasimama sasa.

Mdogo wako