Jibu Langu la Swali la Tatu

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa binamu yangu Chapchap,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia wodi yenu ina wagonjwa wazito na wauguzi wepesi, nikacheka peke yangu kama chizi. Na shemeji hajambo? Mwambie ile picha aliyotuma akiwa amevaa makoti mawili imepita mikononi mwa kila mtu humu ndani, na kila mtu ana lake la kusema.

Huku hatujambo. Mama presha imetulia, ila mdomo haujatulia, na utaona sababu. Mjomba, yaani baba yako, siku hizi anatembea bila fimbo, na ukimkumbusha kuichukua anakuwa mkali kama pilipili.

Najua habari ya kazi yangu ya uwakili wa serikali umeshaipata, maana Mama alikupigia simu kabla sijamaliza kuisoma barua. Ulinitumia pongezi zenye maua kumi na mawili, nikakujibu "asante" tu, ukaniuliza kama nimeanza kuringa. Siringi, ndugu yangu. Nimebanwa, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua nilivyokaa pale ofisini miaka sita kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kazi ya wakili naifanya, cheo sina. Safari hii walisema mikataba haitaongezwa tena: anayetaka kubaki aombe nafasi, afanye usaili kama watu wengine. Nafasi yenyewe ilikuwa moja.

Sasa nisikilize vizuri. Miaka mitatu iliyopita, Mkuu wetu wa kitengo aliniagiza nimtayarishie maswali ishirini ya sheria pamoja na majibu yake. Alisema ni ya mafunzo ya ndani. Niliyaandika Ijumaa mchana roho ikiwa imeshafika nyumbani, nikampa, nikayasahau.

Siku ya usaili, mwezi wa tisa, tulikuwa watu saba kwenye korido isiyo na dirisha. Simu zetu ziliwekwa ndani ya boksi la karatasi. Tukapewa fomu ya kukiri kwamba hatujawahi kuyaona maswali, nami nikasaini bila hata kufikiri, kwa sababu kwa wakati ule ilikuwa kweli tupu. Au nilidhani hivyo.

Wa tatu kuingia alikuwa dada mmoja mwenye suti ya kijivu iliyompwaya mabegani, bila shaka ya kuazima. Alipotoka alikuja kuchukua simu yake boksini, akainama karibu yangu, macho mekundu.

"Dada, hivi siku za kukata rufaa zinahesabiwa kuanzia lini? Si siku unayopewa nakala ya uamuzi mkononi? Nimewaambia hivyo, wakatikisa vichwa wote. Eti tangu siku uamuzi unapotangazwa. Mimi nimesoma wapi sasa?"

Chapchap, hapo ndipo nilipokumbuka ile Ijumaa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Sheria ya zamani ilihesabu tangu siku ya kutangazwa. Ilishabadilishwa hata kabla ya Ijumaa ile, na sasa inahesabu tangu siku mtu anapopewa nakala yake. Na mtu pekee niliyemjua aliyewahi kuandika jibu lile la zamani, kwenye karatasi ya majibu, swali la tatu, alikuwa mimi.

Nilikaa pale nikipiga hesabu. Nikisema, fomu niliyosaini inanitoa nje, na mwisho wa mwezi mkataba unakwisha. Nikinyamaza, kila anayejibu sawa anakosa kwa ajili ya haraka yangu ya Ijumaa. Nilitaka kwenda hata msalani tu nikapumue, mlinzi akasema ukitoka hurudi. Wakaita namba yangu.

Mezani walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa utumishi, mpole, miwani imening'inia kifuani. Mwanasheria pekee katika jopo lile alikuwa Mkuu wetu, ambaye kitabu cha sheria alikifungua mara ya mwisho akiwa bado na nywele. Kumbe maswali yangu aliwapelekea kama yake. Mpaka leo sijui kama alisahau aliyeyaandika au alitaka kunibeba. Hakuniangalia hata mara moja.

Swali la tatu lilipofika, nililisikia kwa maneno yangu mwenyewe, hata yale ninayozoea kuyarudiarudia. Yule mama akanitazama kwa huruma, nadhani alishachoka kuona watu wakikosa.

Nikajibu, "Tangu siku uamuzi unapotangazwa."

Walifurahi, binamu. Yule mama alisema, "Haya, angalau mmoja amesoma," na kalamu nne zikaandika kwa pamoja. Mkuu peke yake alikuwa anakuna kidole gumba. Nilitoka pale na alama zote za swali la tatu, na tangu siku hiyo sijalala usingizi wa maana. Niliona aibu, na bado naiona.

Matokeo yalibandikwa ubaoni tarehe mosi Oktoba. Mama akawaalika majirani. Nikakabidhiwa ofisi yenye mlango wake, meza yake na kiti kinachozunguka, na wiki nzima nilikaa kwenye kiti hicho bila kukizungusha.

Jumatano iliyopita Mkuu akaniletea faili la kwanza zito. Mmoja wa waliokosa amekata rufaa dhidi ya matokeo, jopo linataka maoni ya kisheria: je, rufaa imewahi au imechelewa? Siku zinazoruhusiwa ni thelathini. Nikafungua. Alikuwa yule dada wa suti ya kijivu.

Barua yake ya alama ilikaa masjala siku kumi na tisa kabla hajapewa. Rufaa ameileta siku ya thelathini na nne tangu matokeo yabandikwe, ambayo kwake ni ya kumi na tano tangu apewe nakala. Ukihesabu kwa sheria, amewahi mapema kabisa. Ukihesabu kwa jibu langu la usaili, amechelewa, na faili linafungwa bila hata kusoma anacholalamikia. Na anacholalamikia ni swali la tatu.

Niliandika ukweli. Kurasa mbili: kwamba amewahi, kwamba karatasi ya majibu ilikosea, na kwamba aliyeikosea ni mimi. Nikampelekea Mkuu jana asubuhi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaenda kufunga mlango.

"Mbona kwenye usaili ulijibu vizuri?" akaniuliza.

"Nilijibu ilivyoandikwa, Mkuu. Sikujibu sheria."

"Ukisema ni wewe uliyeandika, mimi nitakuwa nilisema nini kule? Na fomu ina sahihi yako. Wewe mtoto una akili, usijichimbie. Andika tena. Jumatatu nione."

Alinirudishia karatasi zangu kwa upole, kama mtu anayekurudishia mwavuli uliousahau. Laiti angenifukuza, angalau ningekuwa na mlango wa kutokea. Huyu anataka nibaki, nikae kwenye kile kiti, nihesabu siku vibaya kila mara akinihitaji, miaka yote mpaka nistaafu.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Usinipigie kunishauri, maana nimeshaamua na nikisikia sauti yako nitalia. Sitaandika tena. Nimetoa nakala tatu za maoni yale yale. Moja ni ya Mkuu. Moja ni ya yule mama mwenyekiti, nitampelekea mwenyewe hadi mlangoni kwake. Ya tatu nitampa yule dada mkononi, Jumatatu, nimsainishe, na tarehe niiandike juu kwa herufi kubwa. Wakitaka kuhesabu, wahesabu siku thelathini zake kuanzia siku hiyo, na hakuna atakayemwambia vingine.

Mimi baada ya hapo sijui. Huenda hata leseni ya uwakili wakaninyang'anya. Naogopa sana, nakwambia kweli.

Nisalimie shemeji na mabinti zako wote wawili, yule mdogo umwambie mama mdogo wake anasubiri barua ya mkono, si michoro tu. Mjomba anakusalimu, anasema mgongo ukandwe kwa maji ya moto. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe na wagonjwa wasio wazito.

Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo usiku, basi jambo moja nakuomba: usimpigie Mama kabla ya kesho jioni. Nataka asikie kwangu. Hivi sasa yuko sebuleni ananiita nikale. Tangu barua ya kazi ifike haniiti tena mwanangu, ananiita Mheshimiwa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Naenda kuitika.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata nikiwa sina cheo,

Bi Nukta