Kumbukumbu za Kikao cha Karakana: Uzi wa Kijani Kwenye Sketi za Kahawia

Tarehe: Jumamosi, saa 3:00 asubuhi
Mahali: Chumba cha kukatia nguo, mezani

Waliohudhuria: Bibi (Mwenyekiti), Mkataji (mwanawe), Katibu (bintiye), Mshonaji (mtoto wa kiume wa Katibu), Muuguzi wa kliniki ya macho (mwalikwa)
Aliyekosa: Mpiga pasi (udhuru: mafua)
Kiti cha marehemu Fundi Mkuu, mume wa Mwenyekiti, kiliachwa wazi kama kawaida.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasipandishe sauti, kwani walio hapa ni damu moja. Mkataji alisema atajitahidi.

KUMB. NA. 2/6: SKETI 26 ZA SHULE
Mkataji alieleza kwamba sketi za kahawia zimeshonwa kwa uzi wa kijani, na kwamba hili ni kosa la tatu ndani ya wiki mbili. Alipendekeza Mshonaji aondolewe kwenye cherehani na apewe pasi. Aliongeza kwamba kuna watu wanadekezwa na mama zao. Katibu ameliandika neno hilo kama lilivyosemwa.

KUMB. NA. 3/6: MAJIBU YA KLINIKI
Muuguzi alieleza kwamba alimpima Mshonaji na kukuta hatofautishi kijani na kahawia. Si uzembe. Jeni ni maelekezo ambayo mwili unayafuata kutengeneza protini, na protini fulani za jicho ndizo zinazopokea rangi. Alifananisha na daftari la vipimo: tarakimu moja ikikosewa, kila shati linalofuata linatoka na mkono mfupi. Kosa la namna hiyo kwenye jeni ndilo huitwa badiliko, na jeni hii hukaa kwenye kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni. Mwanamke anazo mbili, moja ikikosewa nyingine humfaa. Mwanamume anayo moja tu, ya mama yake.

Mkataji aliuliza, kwa hiyo imetoka kwa Katibu? Muuguzi alijibu kwamba Katibu naye huenda alipewa na baba yake.

KUMB. NA. 4/6: DROO ZA NYUZI
Mwenyekiti alisema ni kweli: marehemu hakuwahi kuiona kijani. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyempangia droo, na marehemu akawa anazihesabu kutoka kushoto. Wateja hawakujua, watoto hawakujua.

Mshonaji aliulizwa anachaguaje uzi. Alijibu: "Kahawia ni droo ya nne. Babu alinifundisha hivyo. Nilidhani kila mtu anahesabu."

Mkataji alikiri kwamba wiki mbili zilizopita alizipanga droo upya, zinazotumika zaidi zikae karibu. Hakumuuliza mtu.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Mkataji aliuliza mbona yeye, mtoto wa kiume wa marehemu, anaziona rangi zote. Muuguzi alisema X yake aliipata kwa mama. Mkataji aliuliza, kwa sauti ya chini, basi yeye alirithi nini kwa baba. Mwenyekiti alimwambia: "Mikono, mwanangu. Unavyolainisha kitambaa kabla ya kukata, nikikuona kwa nyuma nashtuka. Na ukaidi."

Katibu alitaka iandikwe kwamba Mshonaji alipokuwa darasa la pili, yeye Katibu alimchapa kwa kupaka majani ya mti rangi ya kahawia. Aliomba radhi. Inamuuma. Mshonaji alisema: "Mama, yameisha. Andika."

KUMB. NA. 6/6: MAAMUZI
Mshonaji anabaki kwenye cherehani. Sketi zitafumuliwa na wote, Mkataji akiwemo. Droo zirudi zilivyokuwa, na Mkataji alijitolea kuzirudisha mwenyewe.

Kikao kilifungwa saa 4:50, Mkataji akiwa amepiga magoti mbele ya kabati na droo mkononi. Alimuuliza mpwa wake kama hii ndiyo ya nne. Mshonaji aliinusa, akapitisha kidole kwenye ufa wa mbao.

"Ndiyo hiyo, Mjomba. Kahawia yenyewe sijui ikoje, ila inakaa humo."

Mwenyekiti: ………………
Katibu, mama wa Mshonaji: ………………