Koti la Muriuki na Jenerali wa Urusi

Jumatatu, 9 Februari

Nimekamua saa kumi na moja. Ng'ombe ametoa kidogo, jua limemaliza majani yote ya nepia huko chini. Gari la maziwa limechelewa tena, dereva akanisalimia akitafuna. Nimemwambia maziwa hayangoji mtu ameze.

Wangari amerudi na daftari. Mjukuu wangu, huniita cucu, amebeba jina langu, na sasa amepewa kuwa Jenerali kwenye mchezo wa kuigiza wa shule, wa mashindano huko Nyeri. Jenerali Zaretin wa Urusi ya zamani, wakati wa wafalme wao. Mwalimu wa historia ndiye ametunga. Nimeuliza kama Kenya imeishiwa na watu wa kuigizwa. Amecheka tu. Mimi nashika daftari, yeye anasema bila kuangalia, akikosea namwambia. Nilifika darasa la nne. Kusoma najua. Polepole, lakini najua.

Mwanzo: mtoto wa shambani, anapelekwa shule ya jeshi akiwa na miaka kumi na miwili. Ati mama yake hakulia. Nani aliwaambia hakulia?

Jumanne, 10 Februari

Jenerali anataka koti, refu na zito, kwa sababu Urusi ni baridi. Nguo za jeshi raia haruhusiwi, hiyo najua, mwanangu Muriuki ni sajini. Lakini koti lake la nyumbani liko kwa msumari, lile la kijivu la mtumba alilonunua Nanyuki, vifungo mistari miwili. Huvaa akija likizo. Sasa yuko mpakani, huko joto linapasua mawe. Koti la nini?

Nimepunguza mikono na upindo. Kitambaa nimekikunja ndani, sikukitupa. Wangari amevaa akatembea uani, mikono nyuma, jasho likimtiririka. Kuku wamekimbia. Baba yake kabisa. Nilijivuna.

Alhamisi, 12 Februari

Huyu mzee wa Urusi amepanda vyeo haraka. Luteni huko milimani, farasi wawili wakafa chini yake. Risasi ya bega. Kanali. Jenerali, na medali nyingi mpaka koti linainama upande mmoja. Mtu wa kujisikia. Ningekuwa mamake ningemwambia.

Halafu mto wa barafu. Kaisari wao anaamuru askari wavuke. Zaretin anakanyaga barafu kwa mguu wake mwenyewe, anasikia inalia, anakataa. Anavuliwa cheo mbele ya watu wake wote.

Hapo nimempenda. Nimemwambia Wangari aseme tena.

Jumamosi, 14 Februari

Leo tumefika mwisho wa daftari. Afadhali hatungefika.

Jenerali anarudi vitani kama askari wa kawaida. Anapigwa risasi, anakufa kwenye theluji, anazikwa na koti lake. Wangari akalala chini uani, macho amefunga, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nikamwambia amka. Akasema bado, wanamzika. Nikamwambia amka sasa hivi.

Koti la mtu aliye hai halizikwi. Hata kwa mchezo. Kwa mila yetu mtu akiwa safari, nguo zake haziguswi na mgonjwa, sembuse maiti. Mama yangu angenichapa. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba mstari wa mbele, hayo mambo tuliacha.

Tuliacha. Lakini ni mimi nililikata, na mkasi wangu, bila kuuliza mchezo unaishaje.

Jumapili, 15 Februari

Muriuki hupiga simu Jumapili tukitoka kanisani. Hajapiga. Nilikaa na simu kwa paja mpaka ng'ombe akaanza kulia.

Jumatatu, 16 Februari

Redio ya saa saba. Gari la askari limekanyaga bomu huko mpakani. Majina hayatatajwa mpaka familia ziambiwe.

Nimezima. Nimetoa betri nikazificha ndani ya mkebe wa unga.

Nimempigia mke wa Muriuki, anafanya kazi hotelini Nanyuki. Yeye pia hajasikia kitu. Akaanza kulia. Nimemwambia machozi aweke, hakuna mtu ameambiwa neno. Tumekubaliana Wangari asijue mpaka mashindano ya Alhamisi yapite. Huyo mtoto hajawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote. Hata kuimba shuleni humweka nyuma.

Nimekata simu. Nimekaa kwa jiwe la kufulia.

Jumanne, 17 Februari

Nimemwambia Jenerali wangu ajifunge blanketi badala ya koti. Ameniuliza kama naugua. Nimesema koti ni la mwanangu.

"Na ni la baba yangu, cucu."

Kiburi hicho ameokota kwangu, sina wa kulaumu. Ameuliza redio ina nini. Nimesema betri zimeisha. Mtu wa mstari wa mbele kanisani.

Jumatano, 18 Februari

Gari la kijani limepanda barabara yetu saa nne. Wanaume wawili mbele, wamevaa sare. Nilisimama langoni na panga la kukatia nepia mkononi. Sikuomba. Sikuweza hata kuomba. Lilipunguza mwendo karibu na lango.

Walikuwa walinzi wa msitu. Wanauliza njia.

Nimewaonyesha. Halafu nimefunga lango kwa mnyororo.

Alhamisi, 19 Februari

Nimeenda Nyeri na viatu vya kanisa. Ukumbi umejaa wasichana na kelele. Nilimpata Wangari nyuma ya pazia, amepakwa poda nyeupe nywele zionekane za mzee. Koti amevaa.

Nilikuwa nimejiambia sitasema.

"Vua kabla ufe," nikamwambia. "Fanya yote, lakini usife nalo."

Akasema mwalimu atamuua. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu baba yako hajapiga simu, na kuna gari limelipuka, na hatujui. Yametoka yote hivyo, kama maji machafu. Hakulia. Akanitazama kama mtu asiyenijua. Kengele ikalia, akaenda.

Alifanya vizuri kuliko uani. Kwa mto wa barafu watu walisimama waone vizuri. Kisha vita, kisha risasi. Kulikuwa na msichana amelala jukwaani, askari aliyejeruhiwa. Wangari akafungua vifungo kimoja kimoja. Akavua koti, akamfunika yule msichana mpaka kidevuni. Akalala kando yake na shati la shule, akafa.

Wamekuwa wa pili. Anayeendelea ni wa kwanza peke yake. Waamuzi wamesema mwisho haukufuata maandishi.

Mwalimu alikuja na hasira, anauliza ni nani amebadilisha. Nilifungua mdomo. Wangari akanitangulia.

"Ni mimi, mwalimu. Alikataa watu wake wafe kwa barafu. Angewezaje kulala na koti na huyu anatetemeka?"

Njia yote ya nyumbani Wangari hakunisemesha.

Ijumaa, 20 Februari

Hakuna simu. Wangari amepata betri alipokuwa akisonga ugali. Amezirudisha kwa redio. Tumesikiliza wote wawili. Majina bado.

Jumamosi, 21 Februari

Saa tatu na nusu asubuhi.

"Mama, ni mimi."

Nimemgombeza. Sijui hata nilisema nini, nilimgombeza mpaka pumzi ikaisha. Amengoja nimalize. Mawasiliano yalikuwa yamekatwa. Alikuwa kwa gari la nyuma. La mbele lilikuwa na watatu. Mmoja wa Doldol, kijana wa kuchunga mbuzi, yeye na Muriuki walikuwa wanakunywa chai kikombe kimoja. Hakuna aliyetoka hai.

Nimempa Wangari simu nikaenda kwa ng'ombe. Nililia huko, uso kwa tumbo lake. Yule mama wa Urusi alilia pia, najua. Hawakuandika tu.

Jumapili, 22 Februari

Kanisani nimekaa katikati.

Nimefumua upindo na mikono ya koti. Wangari amekuja akashika kitambaa nikishona, sikumwita. Bado hasemi sana. Ushindi ameukosa kwa ajili yangu, na hautarudi. Nimemwambia hivyo. Amesema, "Vuta uzi, cucu, umelegea."

Pale palipokunjwa pamebaki alama. Nimepiga pasi mara tatu, haitoki. Muriuki ataiona na atauliza. Nitamwambia.

Koti liko kwa msumari. Huko Doldol liko lingine, na mama wa yule kijana hawezi kuligusa. Jina lake sijui. Nimemwombea hivyo hivyo.