Tantine Vero, Mchawi wa Mudende

Jumapili jioni, Gisenyi. Mvua inanyesha tangu saa za ibada, volkano imejificha yote, na ziwa limekuwa rangi ya majivu. Viatu vyangu vimejaa matope na sijali hata kidogo.

Leo najivunia. Naandika wazi kwa sababu kwetu mtu akijisifu huambiwa ashushe mabega. Humu kwenye blogu yangu hakuna wa kunishusha.

Filamu yetu imeonyeshwa. Ile ya uchawi, niliyokuwa nikiilalamikia hapa kila nikikaa kuandika.

Kama unanisoma kwa mara ya kwanza, kazi inayonilisha ni kupiga video za harusi. Lakini nimekulia kwenye filamu za uchawi wa vijijini. Tulizitazama kwenye kibanda cha video Mbugangari, msimuliaji akitutafsiria kwa kupiga kelele juu ya sauti za waigizaji, na zote zilikuwa na mambo yale yale: mchawi kapakwa unga usoni, bundi, taa nyekundu, shetani mwenye pembe anayeongea kama yuko ndani ya pipa. Kijiji kizima kinamwabudu porini ili wapate magari. Tulipiga mayowe, tukacheka, tukaenda zetu nyumbani kulala fofofo. Sijawahi kumwona mtu wa huku aliyekosa usingizi kwa ajili ya pembe.

Sisi tunachoogopa ni glasi.

Ukienda kwa mtu hapa akakukaribisha kinywaji, yeye hunywa funda moja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Haelezi kitu. Anakuonyesha tu kwamba hajakuwekea sumu. Tumezoea hivyo mpaka hatuoni tena kama ni jambo. Lakini siku mwenyeji asipoonja, mkono wako unabaki hewani.

Filamu yangu yote nimeijenga hapo. Msafiri ananyeshewa huko Mudende, mama mmoja anamfungulia mlango, anamkalisha karibu na moto, anammiminia maziwa kwenye kopo. Haonji. Anampa, halafu anamwangalia. Kamera haiondoki usoni pake. Hakuna damu wala ngoma, na shetani hakualikwa.

Mchawi wangu ni Tantine Vero, shangazi yangu, dada yake Papa. Ni mjane, hana mtoto, anauza maziwa ya mgando Mbugangari tangu familia yetu iliporudi kutoka Congo. Nilimchagua kwa sababu ya uso wake, ule uso mtulivu ambao huwezi kujua unawaza nini. Alikubali bila kuuliza hata inahusu nini.

Tukapanda Mudende, tukaazima nyumba katikati ya mashamba ya viazi, baridi ya kukata masikio. Na hapo nikaona mambo. Tantine hakuweza kutoonja! Nasema anza, anamimina maziwa vizuri, anainua kopo, na kopo linakwenda moja kwa moja mdomoni kwake. Tunarudia. Anaonja tena. Tunarudia, anaonja, anafuta midomo, anaomba radhi.

"Pardon, mutoto yangu," akaniambia. "Mukono yangu inakataa. Inajipeleka yenyewe."

Mwishowe nikamwambia alishike kopo kwa mikono miwili na asifikirie kitu chochote isipokuwa macho ya mgeni. Akafanya. Innocent, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, aliyeigiza msafiri, alipaswa kupokea na kunywa. Hakunywa. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama pale ng'ombe akikamuliwa, na yale maziwa aliyabeba yeye mwenyewe, lakini alirudisha mkono nyuma na kunitazama kama anayeomba kuokolewa. Sikusimamisha kamera. Ile hofu yake ndiyo iko kwenye filamu, na ni ya kweli.

Nilishuka mlima nikiimba.

Balaa lilianza na huyo huyo Innocent. Alijiona amekuwa nyota, akaweka kipande kile nilichomtumia kwenye status yake ya WhatsApp. Tantine akimimina, Tantine akinyoosha kopo, Tantine akiangalia. Basi, hakuna maelezo. Kilivuka mpaka kikafika Goma kabla ya wanawake wetu wa biashara kurudi kwa Grande Barrière, pale mpakani.

Wateja wakaanza kupungua. Kwanza Mama Kevine, jirani yake, ambaye watoto wake wote wamekua kwa maziwa yale, akaanza kupita ng'ambo ya barabara na bidoni lake, lile dumu la maziwa, likiwa tupu. Wengine wakafuata. Hakuna aliyesema ni mchawi. Walisema tu kwamba kuigiza ni kuigiza, lakini yale macho aliyatoa wapi? Jioni Tantine alikuwa akirudi na maziwa yake, tunayanywa sisi. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, neno la namna hiyo likimshika mtaani halitoki. Nilikuwa naogopa vibaya sana.

Papa akaja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti. "Toa hiyo kitu," akasema. "Toa yote. Ni dada yangu ule."

Nilikuwa tayari. Nilifungua kompyuta nikiwa nalia, maana ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu, na nikamwita Tantine aje ashuhudie nikiifuta. Alikuja, akaitazama, akaomba aione tena.

"Bon," akasema. "Ukitoa, watasema ilikuwa ya kweli. Iache. Na uwaite wote."

Nikawaita wote. Leo baada ya ibada kile kibanda cha video kilijaa mpaka mlangoni, kwa sababu hakuna kitu kinachojaza watu kama umbea. Mpango ulikuwa wangu: filamu ikiisha, Tantine amimine maziwa mbele ya kila mtu, aonje kwanza kama desturi, kisha agawe. Wangeona. Mambo yangeisha kwa heshima.

Ile sehemu ilipofika, msimuliaji wa kibanda hakuwa na la kutafsiri. Mvua ilisikika juu ya mabati. Kopo likanyooshwa. Mama mmoja akasema "Yezu weee" kwa sauti ndogo, na kijana mmoja nyuma akapasuka: "Usikunywe! We, usikunywe!" Watu wazima walikuwa wameshikana mikono. Nimepiga harusi nyingi mno, nimeona watu wakilia, lakini sijawahi kuona kazi yangu ikimshika mtu koo namna ile.

Filamu ikaisha. Taa zikawaka. Hakuna aliyemgeukia Tantine, naye alikuwa amekaa katikati yao na kitenge chake cha kanisani.

Akasimama. Akaenda mbele, akafungua bidoni, akamimina kopo likajaa. Nikapumua. Akaliinua.

Hakuonja.

Alilinyoosha kuelekea watu, kwa mikono miwili, na akawaangalia kwa yale macho ya Mudende. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwona Papa, aliyekuwa amesimama nje akijifanya anajikinga mvua, akiingiza kichwa mlangoni.

Halafu mdomo wa Tantine ukaanza kutetemeka pembeni. Alikuwa anajizuia kucheka. Hakuweza. Kicheko kilimtoka, kopo likamwagika vidoleni, na kibanda kizima kikalipuka. Watu walicheka mpaka wakapiga mabenchi. Walijicheka wenyewe, nadhani.

Mama Kevine akasukuma watu akafika mbele. Alikuwa anafuta machozi. "Leta hapa, mulozi we, muchawi ya Mudende," akasema. "Watoto yangu wamekunywa yako myaka yote, iko nani alikufa?" Akapokea kopo lisiloonjwa, akalinywa lote mpaka chini, akaligeuza juu chini tuone. Baada yake ilikuwa ni kusukumana. Bidoni liliisha.

Tumerudi kwa miguu, mimi na yeye, chini ya mwavuli mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa yote yaliyompata. Yeye alikuwa akiwaza kingine kabisa.

"Umeona vile walinyamaza?" akaniuliza. "Mutu hata mumoja hakukohoa."

Nikasema nimeona.

"Miaka yote niko pale na maziwa. Wanaangalia kopo, wanaangalia franga, wanaenda. Leo waliangalia mi."

Nilimshika mkono hadi kwake. Alipofika mlangoni akaniuliza filamu nyingine tunafanya lini, na akanionya kwamba safari hii hataki kuwa mchawi wa maziwa tu. Anataka maneno mengi.

Kwa hiyo usiku huu naanza kumwandikia. Maneno mengi.