Niligandisha Ukurasa wa Isaka, na Sitaomba Msamaha

Mpendwa Shangazi Nzula,

Naomba ushauri wako lakini sikuombi unihurumie, maana wa kunihurumia nimewapata wengi na wote wanamalizia kwa kuniambia nipige magoti. Mimi ni msusi, nina kibanda changu Kenyatta Market, mume wangu ni Thuo ambaye hutengeneza viti na vitanda kando ya Ngong Road, na tunaishi karibu na Dagoretti Corner na mtoto wetu mmoja, Isaka, ambaye ana miaka minne. Mimi natoka magharibi, Thuo ni Mkikuyu, na kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hivyo mwanangu ni Isaka kwa sababu marehemu baba mkwe alikuwa Isaka, na mama mkwe wangu wa Waithaka, ambaye mtoto humwita cucu, humwita mtoto huyu "mume wangu" na kumkalisha kwenye kiti cha marehemu ambacho hata Thuo hathubutu kukikalia. Sina ubaya na hilo, kwa kweli linanifurahisha, sijaona mtu anampenda mtoto wangu kama yule mama.

Sasa Pasaka iliyopita cucu akamletea kitabu cha hadithi za Biblia cha watoto, kikubwa, jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, picha kila ukurasa, na kabla hata hajanywa chai akampakata mtoto, akafungua pale alipokuwa ametia utepe mwekundu, akamwambia, "Ona, mume wangu. Huyu ni wewe. Jina yako iko kwa Biblia." Shangazi, huyo "wewe" alikuwa mtoto amefungwa kamba mikono na miguu, amelazwa juu ya kuni, na baba yake amesimama juu yake na kisu, na sijui mchoraji alikuwa anafikiria nini, huyo baba amechorwa anatabasamu. Cucu alikuwa anaona jina la mumewe, na mtoto alikuwa anaona kisu. Halafu simu ya cucu ikalia, akaenda kuongea nje, na hadithi ikaachwa hapo.

Mimi sikujua kumeharibika kitu. Jumamosi Thuo huja na mtoto sokoni nikimaliza kazi, tunakula nyama choma pamoja, na Jumamosi hiyo nyama ilipoletwa kwenye ubao, moshi kila mahali, kuni zinawaka pale nyuma, Thuo akaomba kisu kwa mkataji ili amkatie mtoto kipande kidogo, akainama kwake huku anatabasamu, na Isaka akateleza chini ya meza na kujikojolea, akawa anasema, "Daddy, sijakosea. Daddy, mimi sijakosea." Watu wakacheka, hata mteja wangu niliyekuwa nimetoka kumsuka akacheka, na mume wangu akabaki ameshika kisu hajui akiweke wapi.

Tangu hapo mtoto hataki baba yake amfunge kamba za viatu. Thuo ndiye aliyekuwa akimfunga kila asubuhi kabla ya shule, ilikuwa ni kazi yao wawili na kulikuwa na wimbo wao, sasa akishika tu ile kamba mtoto anarudisha miguu chini ya kiti na kulia, kwa hivyo anaenda shule na sandali hata kukiwa na matope. Na Thuo siku hizi anaondoka kwenda kazini kabla mtoto hajaamka. Anasema oda zimekuwa nyingi, lakini mimi ni mke wake, najua anakimbia yale macho.

Nilipogundua ni ile picha, Shangazi, nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Jumapili mchana mtoto akiwa amelala nilichukua gundi ya mbao ya Thuo nikapaka kurasa zote za hadithi ile, kuanzia kwenye kuni mpaka pale baba na mtoto wanarudi nyumbani, nikazibana, nikaweka jiko juu yake, na hiyo gundi ikishakauka hata tindo haitoi. Wiki iliyofuata cucu akaja, akatafuta ukurasa wa mume wake, akapata ubao. Akaniita jikoni, majirani wakiwa wamesimama mlangoni. "Mercyline, hii ni nini umefanyia kitabu ya Mungu? Umemfungia mzee wangu ndani?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na ningefanya tena. Sikumweleza kwa nini, maana alivyoniuliza mbele ya majirani niliona sina deni la kumweleza.

Sasa mambo yamefika kanisani. Jumapili ijayo akina mama wa kanisa wanakuja kwetu kwa maombi, na cucu ameamua kwamba kabla ya chai nitasimama niombe msamaha kwa kuharibu neno la Mungu, kisha nitoe kitabu kipya, kilekile, chenye picha ileile. Thuo ananiambia, "Si useme tu sorry tuendelee na maisha?" Nimemwambia kama nimetenda dhambi nitaungama kwa Mungu mwenyewe, si kwa chai na mandazi.

Lakini mtoto bado anataka kusomewa, na mimi nataka azijue hizi hadithi, nimelelewa nazo. Nilifunga kibanda nikaenda maduka ya vitabu mjini kutafuta kingine, nikazunguka mpaka miguu ikauma. Kimoja kila mtu anacheka, hata watu wanaozama nje ya safina, kingine kina misumari na damu ukurasa mzima, kingine ni kizuri lakini sikuamini tena macho yangu, nikajiuliza nitajuaje atakachokiona yeye. Nikarudi mikono mitupu. Kwa hivyo nauliza mambo mawili, nichague kitabu gani, na je, nikikataa kusimama mbele ya wale akina mama nitakuwa nimekosea? Nakuambia mapema, sitasimama.

Mama Isaka,
Dagoretti Corner

*

Mama Isaka,

Umeuliza kama ukikataa utakuwa umekosea, halafu ukanijibia mwenyewe. Napenda mtu wa namna hiyo, ananipunguzia kazi. Basi nami nitakujibu bila kukuzungusha: usisimame. Neno la Mungu limepita mikononi mwa wafalme waliolichoma moto, haliwezi kutishwa na msusi mwenye gundi. Na mwenyekiti yeyote wa akina mama anayedhani maombi yataanza vizuri kwa kumfedhehesha mama mwenye nyumba mbele ya mtoto wake, mwambie aniandikie mimi, nina nafasi.

Umemaliza kufurahi? Sasa keti, maana nawe una lako.

Umeniambia uligandisha kuanzia kwenye kuni mpaka wanaporudi nyumbani. Rudia hayo maneno polepole. Hadithi ile, Mama Isaka, mtoto anafunguliwa. Sauti inaita, mkono unazuiliwa, kondoo anaonekana kichakani, kamba zinalegezwa, na baba na mwana wanateremka mlimani wakiwa wazima wote wawili. Cucu alimwonyesha mtoto kisu halafu akaenda kupokea simu. Wewe ukaja ukafunga mlango uliobaki. Hakuna mtu mzima katika nyumba hiyo aliyemwambia Isaka alifunguliwa, na wewe ukahakikisha kwa gundi ya mbao kwamba hata akifungua kitabu mwenyewe hatajua. Mtoto wako bado amelala juu ya zile kuni. Ndiyo maana anaogopa kamba ya kiatu.

Hasira yako ilikuwa ya haki, hilo silipingi. Mtu anayechora baba ameinua kisu juu ya mtoto huku anatabasamu angepewa kazi ya kuchora makopo ya rangi. Lakini hasira yako ilishughulika na karatasi, na woga haukuwa kwenye karatasi.

Kwa hivyo fanya hivi. Kabla ya Jumapili, nenda Waithaka peke yako, bila mume, bila majirani. Mwambie mama mkwe yaliyotokea chini ya ile meza, na umwambie maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyapambe. Hajui. Umemnyima kujua kwa sababu ya kiburi, halafu unashangaa anakuona mkufuru. Mwambie pole kwa zawadi yake, maana zawadi uliiharibu kweli na alikuwa ameileta kwa upendo. Pole ya jikoni, ya watu wawili, inatosha. Kisha mwombe kitu ambacho hakuna duka linalokiuza: amsimulie mtoto kuhusu Isaka wake. Alikuwa anavaa kofia gani, alikuwa anacheka nini, alimwita mkewe nani wakiwa wawili. Yule mama anamtafuta mumewe kwenye ukurasa wa kitabu kwa sababu hakuna anayemuuliza habari zake. Mtoto akishapata Isaka wa kofia na kicheko, yule wa kuni hatakuwa Isaka peke yake anayemjua.

Kuhusu kitabu. Uliporudi mikono mitupu hukuwa mjinga, ulikuwa umeenda bila msomaji. Mtoto wa miaka minne hasomi maneno, anasoma picha, maneno ni yako wewe. Mpeleke yeye mwenyewe dukani. Kaeni sakafuni, mwenye duka akinuna mwache anune. Funika maandishi kwa kiganja chako umuulize, "Hapa kunafanyika nini?" halafu unyamaze. Yeye ndiye atakuonyesha anachokiona. Dhahabu ya jaladani imewekwa kwa ajili ya cucu, ipite. Tazama nyuso: anayelia amechorwa analia, anayeogopa anaogopa, au wote wamepewa tabasamu moja kama wanauza dawa ya meno? Kile cha watu wanaozama huku wanacheka kiache hapohapo, kitamfundisha mwanao kwamba macho yake yanamdanganya. Cha misumari ukurasa mzima kitasubiri akue.

Lakini usitafute kitabu kisicho na cha kuogopesha, maana hicho hakitakuwa Biblia, kitakuwa kalenda ya wanyama. Simba wawepo, maji yawepo. Unachotafuta ni kwamba mtoto akitazama simba aone pia, palepale, nani yuko na yule mtu shimoni. Ukiona ukurasa ambao woga umeachwa peke yake na mwokozi yuko kurasa za mbele, ukurasa huo usisomwe na mtu anayesubiri simu. Ukianza, maliza. Na kile chenye picha ya tabasamu na kisu usikinunue tena hata wakikiweka juu ya madhabahu.

Sasa mpe Thuo gazeti hili, najua yuko hapo anajifanya anapiga randa. Thuo, unajificha. Mtoto amekuogopa kwa sababu ya mchoro, nawe unamthibitishia kwa kutoweka kabla hajaamka. Kesho uwe nyumbani. Hadithi ile uisimulie wewe, si mama yake, si cucu. Mpakate, mikono yako yote miwili aione, na usiiruke sehemu ya kisu, maana yeye hajairuka. Fika mpaka mwisho. Mwambie kamba ilifunguliwa, mwambie baba alimshika mkono wakarudi nyumbani, mwambie Mungu hakutaka mtoto huyo aumizwe wala hataki mwingine. Halafu leta viatu. Usivifunge. Viweke hapo na uimbe ule wimbo wenu, na kama atanyoosha mguu ni sawa, na kama hatanyoosha, kesho utaimba tena. Oda za viti zitangoja. Na hiyo "useme tu sorry" yako ikunje uiweke mfukoni, anayesubiri kusikia neno hilo katika nyumba yako si mwanachama wa kikundi chochote.

Mama Isaka, narudi kwako. Jumapili pika chai, karibisha watu, keti kwenye kiti chako umpakate mtoto. Kabla ya siku hiyo uwe umeinama mpaka usawa wa macho yake, umwambie hakukosea, hakuwahi kukosea, na kwamba mama alifunga kitabu pabaya. Wakikuuliza kama umeomba msamaha, wajibu bila kuinuka kwamba uliomba tayari, kwa aliyestahili, naye ana miaka minne.

Shangazi Nzula