Chupa Alizomwaga Baba Mdogo Kyungu

Base ya Kamina, siku ya Jumanne

Mama yangu mpenzi, Mama Agar,

Jambo sana, na tena jambo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umeinama shambani. Mgongo unasemaje? Na lile goti la kushoto? Kuku wale wawili wangali hai, au mmekwisha kuwala bila mimi? Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Kalonji mume wangu anakusalimu sana. Wiki nzima alikuwa zamu ya ulinzi, na sasa amelala kama gogo. Watoto wanakua na wanakula, hasa wanakula.

Mireille mdogo wangu, najua njo weye unayemsomea Mama. Soma kwa sauti, polepole, usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika pale utakapotamani kuruka. Na Mwepu aliyeileta barua kwa baiskeli yake ya samaki, mpeni kiti angoje, maana ana kazi nyingine mkimaliza kusoma. Ningepiga simu, lakini simu ya karibu ni ya jirani yenu, naye huiweka sauti kubwa kila mtu asikie. Haya si maneno ya kusikiwa na mbuzi za watu.

Sasa habari. Mama, unanijua tangu utoto, mimi ni mtu wa kuuliza. Wewe mwenyewe ulisema nikifika mbinguni nitamwuliza Petro kwa nini ana funguo nyingi hivyo kwa mlango mmoja. Basi tangu mvua zilipoanza, hapa Base kuna muuguzi mpya, Mama Likoke, mtu wa Équateur, Kiswahili chake kimejaa Kilingala. Kila Alhamisi anatukusanya wake za maaskari kwenye baraza la dispensari na kutufundisha kula na kutembea. Nilicheka sana. Niliwaambia wenzangu kula ninajua tangu nilipoota meno, na kutembea hata kabla. Lakini nilikwenda, kwa sababu jambo likifundishwa na mimi sipo, mwili wote unaniwasha.

Siku ya kwanza alituambia kila mmoja akunje ngumi. Tukakunja. Akasema bukari yako, ugali wa mlo mmoja, ndiyo hiyo, usitafute nyingine. Mawee! Kelele zilizopigwa pale, mpaka askari wa lango alikuja kuangalia nani amekufa. Mwanamke mmoja wa Kasaï aliuliza kama ataruhusiwa kutumia ngumi ya mumewe. Mimi nikauliza kama tunapima ngumi peke yake au mpaka kiwiko. Mama Likoke alinijibu bila kucheka kwamba mpaka kiwiko pia inawezekana, ila njia ile inapita makaburini. Tangu siku hiyo nampenda.

Alichora sahani ubaoni. Nusu nzima aliyapa majani: sombe, lengalenga, matembele, chochote kilicho kibichi sokoni. Robo ni bukari, robo ni samaki au maharage. Nilimwuliza kama viwavi vinahesabiwa nyama, akasema ndiyo, tena ni nyama nzuri. Mafuta ya mawese tupime kwa kijiko, tusimwage mpaka sombe iogelee. Samaki wa chumvi tumloweshe maji mawili kabla ya kumpika. Nikauliza habari ya maembe. Akasema kula moja, usile beseni. Nikauliza habari ya munkoyo uliotiwa sukari. Hapo akauliza mimi nakunywa vikombe vingapi kwa siku. Nilipunguza vitatu nilipomjibu.

Na asubuhi tunatembea, Mama, kutoka nyumba za maaskari hadi langoni na kurudi, wanawake kumi na wanne na vitenge vyetu. Mama Likoke alitufundisha kipimo chake. Ukiona bado unaweza kusengenya vizuri, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kutaja jina lako, punguza. Wiki ya kwanza nilishindwa kutaja jina langu mbele ya kanisa tu. Sasa nafika langoni na kurudi, na masengenyo yangu yote nimeyamaliza.

Lakini watu, Mama! Kwetu mke akikonda, aibu ni ya mume. Walianza kunong'ona kwamba Kalonji halishi nyumba yake, mshahara anaupeleka pengine. Mama mkwe naye alipiga simu kutoka Mwene-Ditu, anataka kujua mtoto wake ameoa ugonjwa gani. Maskini Kalonji alinisihi nivae vitenge viwili juu ya kingine siku ya misa, ili nionekane nimeshiba. Nilikataa, akanuna siku mbili, kisha mwenyewe akaanza kutembea na sisi.

Sasa nafika kwenye jambo. Wiki ya sita Mama Likoke alituchoma vidole, tone moja la damu kila mtu. Yangu ilionyesha sukari imepanda. Alisema nisilie, kwangu ugonjwa iko mlangoni tu, haijaingia ndani, na nikishika sahani na safari ya langoni inaweza kukaa nje miaka mingi. Kisha akauliza nani katika ukoo wetu aliwahi kuugua sukari. Nikajibu kwa kiburi kwamba kwetu hakuna. Nikasema baba yangu Monga hakuugua, aliuawa na mdogo wake kwa uchawi.

Hakubishana nami. Aliuliza tu mimi mwenyewe niliona nini. Mama, nikamwambia yote. Baba alikuwa anakula na kukonda. Alimaliza mtungi wa maji na bado ulimi mkavu. Alitoka kukojoa kila mara, na mimi mtoto wa kuuliza niliwaona sisimizi wamejipanga pale alipokojoa, nikajiuliza wanatafuta nini. Kidonda cha kidole cha mguu kilikataa kupona. Macho yakaingia ukungu. Mama Likoke aliweka kalamu chini. Akasema hayo yote ni ugonjwa wa sukari, umesimama wima kutoka mwanzo hadi mwisho, na sisimizi walikuwa wameutambua kabla ya watu.

Sikulala vizuri siku nyingi. Ningekuja likizo kwako kwenye sikukuu kuyasema polepole, lakini wiki iliyopita Mwepu alipita na mzigo wake, nikamwuliza habari za nyumbani. Akasema wote mko vizuri isipokuwa Mireille. Mireille amekonda, amevaa mkanda kwenye sketi. Mireille anatembea na dumu la maji kama mtu wa safari. Akasema tena kwamba wajomba wameketi, wamesema yule wa Malemba-Nkulu, mdogo wa Baba, ameanza tena, alimla kaka sasa anamla mtoto wa kaka, na wanachanga ili waite mtu wa kuonyesha vidole, aseme nani mchawi. Mama, wote tunajua wakiisha kuonyesha, kinachofuata ni mawe na moto.

Mireille, usiache kusoma. Nijibu moyoni mwako: kiu hiyo ni ya tangu lini? Unatoka mara ngapi kabla jogoo hajawika? Miguu inachomachoma? Nenda uangalie pale unapokojolea kama kuna sisimizi. Na wanaokuja kukuangalia wanakuletea nini? Nasikia hapa nilipo: sukre za chupa, zile soda tamu, asali, miwa, sukari kwenye karatasi. Njo desturi yetu, kwa mgonjwa hatuendi mikono mitupu, na mtu akikonda atiwe utamu apate nguvu. Weka chini hiyo chupa, mdogo wangu. Kunywa maji. Ngumi moja ya bukari, majani mengi, usikae na njaa, na uje Kamina wiki hii hii. Kwangu ugonjwa iko mlangoni, kwako naogopa imekwisha kuketi, na dawa yake iko lopitali, siyo kwa mtu wa kuonyesha vidole.

Na sasa, Mama, shika kiti chako.

Baba mdogo Kyungu alijua. Yeye ndiye aliyempeleka Baba dispensari kwa baiskeli, na muuguzi wa pale akamwambia ni sukari, mgonjwa asionje kitu kitamu. Wewe siku hiyo ulikuwa shamba la mbali, na yeye alitakiwa kwenda kambi ya uvuvi kesho yake alfajiri. Basi akaniita mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nasoma, nina kichwa, na njo mimi niliyekaa na Baba mchana wote. Aliniinamia akaniambia nikuambie: Monga asinywe sukre, asile asali, asipewe muwa. Alinirudisha mara tatu nirudie maneno, na mara tatu nilirudia bila kosa.

Sikukuambia. Mama, kila chupa iliyoletwa, Baba alikunywa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa yangu. Katika maisha yangu sikuwahi kuonja sukre kabla ya ugonjwa wake. Nilijisemea nitakuambia kesho, chupa hii ikiisha. Na kesho ikaja na chupa yake.

Unakumbuka Baba mdogo aliporudi. Alikuta chupa tano kando ya kitanda, akashikwa na wazimu, akazitoa uani na kuzimwaga moja moja mchangani, watu wote wanatazama. Mkasema ndugu gani anamnyima mgonjwa kinywaji. Siku ya tatu Baba akafa. Kwenye kikao Kyungu alisema aulizwe Priscille, alimpa maneno. Mkaniuliza. Nilikuona wewe umekaa na Mireille mgongoni, macho yamevimba, nikaogopa fimbo, Mama, fimbo tu. Nikasema hakuniambia kitu. Mkabomoa paa la nyumba yake, akaondoka na baiskeli yake, na tangu siku ile jina lake halitajwi kwako. Ni miaka ishirini na miwili.

Nilimtafuta. Mwepu alimjua, anashona nyavu kule Malemba-Nkulu. Nikatuma neno, akaja. Amezeeka, meno ya mbele hayapo. Hakuingia nyumbani mwangu mpaka Kalonji alipotoka kumshika mkono. Nilimpa chai, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza kama bado ninapenda vitamu. Akacheka, nami nikalia mpaka watoto wakaogopa. Alisema nilikuwa mtoto, na kwamba hakunitaja tena kikaoni kwa sababu aliona ningepigwa.

Mama, sikuombi unisamehe katika barua hii. Nitakuja mwenyewe, na nitayasema haya mbele ya wajomba kwa mdomo wangu, wanipige wakitaka. Ninachoomba hakiwezi kungoja. Baba mdogo Kyungu amekuja pamoja na Mwepu. Amekaa kwenye benchi la parokia, na amesema hakanyagi uani kwako mpaka utakapokuwa umesikia mpaka mwisho. Ametengeneza baiskeli, amefunga mto kwenye kiti cha nyuma. Alimbeba Baba kwa baiskeli, sasa anataka kumbeba Mireille mpaka kwangu. Mwambie Mwepu akamwite. Akifika, mpe maji baridi, ana kiu ya njia.

Wasalimu kuku kama bado wapo. Kalonji na watoto wanakukumbatia. Mungu akulinde wewe na Mireille mpaka tuonane wiki hii.

Mimi mwanao, niliyeambiwa,

Priscille