Sharti la Nyuma ya Pazia

Manama, 3 Machi 1958

Dada yangu mpenzi Rashida,

Nakuandikia kwa furaha: leo asubuhi nimeolewa na Jasim!

Najua ulichokihofia. Karani wa Wakala wa Kiingereza alinionya wiki iliyopita: "Bibi, ukiolewa na Mbahraini, mahakama yetu ya wageni haikujui tena. Utahukumiwa na makadhi wa Mtawala." Mahakama hiyohiyo ndiyo iliyokurudishia mwanao ulipoachwa, nami sijasahau.

Basi kadhi aliponiuliza kupitia pazia kama nimeridhia, nilimjibu kwamba nina sharti: tukiachana, watoto watabaki kwangu. Jasim akacheka ng'ambo ya pazia, akiniita kwa kazi yangu kama kawaida yake, "Mwalimu wee, hata wali haujaiva, ushaniacha?"

Mama yake alikuwa ameketi kando yangu. Nilidhani atanikemea, kumbe akapaza sauti: "Andika, Shekhe! Mimi sikuandikiwa, na wanangu wa ndoa ya kwanza nilikuja kuwaona wana ndevu."

Jasim akaacha kucheka. "Nimekubali," akasema, na kadhi akaandika.

Huenda nimebadilisha ngao kwa karatasi. Sidai kuwa na hakika. Sijui hata kama kadhi mwingine ataiheshimu. Najua tu kwamba karatasi ilipoletwa kwetu wanawake, mama mkwe, ambaye hajui kusoma, alinishika mkono akaniomba nimsomee sharti lile. Nilipomaliza akasema, "Hebu tena, mwanangu, polepole."

Mdogo wako akupendaye,
Tasnim